Mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Makiso, katikati ya mji wa Kisangani, juu ya toleka, ile baiskeli yetu ya kubeba abiria, nimeshika viatu mkononi visije vikajaa matope ya mtaa wetu wa Mangobo. Ofisi yetu ilipokea wageni wa jimbo. Mkuu wa Itifaki, tuliyemwita Chef, aliniangalia miguu kwanza, uso baadaye.

"Mama Zaina, vaa viatu. Protocole inaanzia chini."

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, na ofisini tayari nilikuwa mama. Yule mzee alikuwa mkali, lakini nilimpenda tangu siku hiyo, kwa sababu alifundisha bila choyo. Ndiye aliyenieleza note verbale, yaani barua ambayo nchi moja huiandikia nyingine bila "mimi" wala "wewe" ndani yake, na mwishoni haina saini bali muhuri. Alinifundisha pia préséance, mpango wa nani akae wapi na nani atangulie kusema. Chef aliamini kwamba ugomvi mwingi wa dunia umeanzia kwenye viti.

Baadaye alinituma Yangambi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Kwa miaka mitatu nilipanda mtumbwi wa mota na watafiti kutoka Tanzania waliokuja kuangalia michikichi na kahawa. Ripoti zilikuwa za Kifaransa, nami niliwatafsiria. Lakini nilichoka zaidi pale walipozungumza Kiswahili chao na wakulima wetu. Mtanzania akisema shikamoo, mkulima anajibu "Merci, papa," yaani asante baba, kisha kila mmoja anaondoka na maana yake. Niliwapenda watu wale. Walikuwa na adabu nyingi na subira nyingi, na hawakuamini kabisa kwamba hatuelewani.

Sisi wa Kisangani na wao tuna historia moja, na si yote ya kujivunia. Babu wa babu yangu alikuja na misafara ya biashara kutoka upande wao, akaswali hapa, akazikwa hapa. Wapo wengine ambao misafara hiyohiyo iliwafunga shingo. Kiswahili tulikipata kwa njia zote mbili. Kwa hiyo nilipowasikia wakubwa wakisema "sisi ni ndugu" huku wameinua glasi, niliitikia, lakini sikusahau.

Niliporudi mjini, mzee wangu alikuwa amestaafu. Chef wa pili alikulia katika Kilingala, Kiswahili alikiokota sokoni. Ndipo ukaja ujumbe kutoka mji mmoja wa Tanzania, kutaka urafiki na mji wetu. Tuliwaomba nafasi kumi za kusomea ukunga kwa wasichana wetu. Wasichana hao walikuwa wamekwisha kuchaguliwa, na mama zao walikuwa wamekaa nje kwenye veranda tangu saa mbili asubuhi. Mimi nilikuwa nimewaandika majina yao mmoja mmoja.

"Mama Zaina, leo hatuna lazima ya mukalimani," Chef aliniambia. "Wao wako nasema Swahili, siye tuko nasema Swahili. Ndugu na ndugu! Utakaa kule ku mur."

Nikakaa ukutani. Na sheria ya itifaki ni kwamba mtu wa ukutani hasemi.

Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka mkuu wa ujumbe, baba mmoja mpole mwenye miwani, alipofungua faili la wanafunzi. Akasema, "Kwa kuanzia, nafasi kumi zinatosha."

Nilimwona Chef akibadilika uso. Kwetu, kutosha ni kuondoa. Unatosha viatu, unatosha sufuria motoni.

"Zile nafasi kumi, munazitosha?" akauliza.

"Zinatosha kabisa, mheshimiwa!" mgeni akajibu kwa tabasamu pana.

"Kabisa?"

"Kabisa kabisa!"

Chef akafunga faili. "Alors, tumekuja kufanya nini hapa? Watoto wetu wako pale inje, na weye uko nacheka?" Mgeni akaganda, tabasamu bado limemkaa mdomoni. Chef akaanza kuinuka, na Chef akiinuka, kikao kimekufa.

Nikasimama.

"Pardon, Chef. Kwao kutosha njo ile siye tunaita kuenea. Anasema nafasi kumi inaenea. Hajatosha kitu." Kisha nikamgeukia mgeni: "Mheshimiwa, kwetu kutosha ni kuondoa. Amesikia unawafuta wasichana wote kumi."

Mgeni alivua miwani. "Mungu wangu! Kumbe nimekaa hapa nafukuza watoto wa watu huku nacheka!" Akazunguka meza nzima, akamshika Chef mikono yote miwili. Mkataba ulisainiwa kabla ya chakula.

Kesho yake nilikuta mezani demande d'explication, barua ambayo mkubwa humtaka mtumishi ajieleze kwa maandishi. Kosa langu: kusema bila kupewa neno. Niliumia sana. Nikajibu kwamba ni kweli nimekosa, na kwamba wale mama wa veranda wangeniuliza kwa nini nilinyamaza. Chef akaandika chini yake "Vu," nimeona. Chini ya hapo akaongeza kwamba tangu siku hiyo hakuna kikao na Watanzania bila mkalimani. Hakuniomba radhi, wala sikungoja.

Wasichana wakaenda. Tisa walirudi, na leo wanazalisha katika mji huu. Wa kumi, Riziki, aliolewa kule akabaki. Mama yake, Mama Feza, alinikuta sokoni mbele ya watu.

"Weye njo ulisimama," akaniambia. "Ungenyamaza, mutoto yangu angekuwa hapa."

Nilifanya kazi ile miaka mingine mingi, nikapongezwa, nikapewa cheti cha kustaafu, na maneno yake niliyabeba miaka yote hiyo.

Mwaka huu Riziki amekuja kusalimia, na binti yake wa mwisho, wa miaka mitano. Siku ya pili alitoka kwenda mjini, na Mama Feza akatuma mtu kuniita. Nilimkuta amekaa kwenye kiti, mtoto kwenye mkeka, wanatazamana.

"Tangu asubuhi ananiita bibi," akasema kwa uchungu. "Bibi ya nani? Bwana yangu alisha kufa! Nani alimufundisha kunitukana?"

Kwetu, bibi ni mke. Nikavuta kigoda, nikakaa katikati yao.

"Mama Feza, kwao bibi njo koko. Mama ya mama yake."

Mama Feza akamwangalia mtoto.

"Mwambie aseme tena."