Unyayo wangu ku simenti ya mama mukwe

Haya ninayo mpaka leo, lakini bashemeji bangu baliisha kuieneza hii habari mu mutaa yetu yote ya Nguba, afazali muisikie kwangu mwenyewe. Mi niko na miguu ya kulala, unyayo wote unagusa chini, hakuna hata kashimo katikati, na magoti yanagusana nikisimama (niko na miaka trente-quatre, makumi tatu na ine, siyo mutoto). Kine wa hospitali, ule wa mazoezi ya viungo, alinipatia semeli za kuweka ndani ya viatu, za kuinua unyayo, akasema: "Usitoke bila hizi." Basi siku ya kwenda kujulikana kwa mama wa Bahati, muchumba wangu, njo siku nikazitoa, sababu haziingie mu viatu vyangu vipya vya kisigino.

Kushuka kilima tu, miguu ikaanza kuwaka, mvua nayo ikanyesha, matope mpaka mu vidole. Ku mulango nikavua viatu, nikanawa miguu, nikapita haraka katikati ya salon, chumba ya wageni, nikaenda kukaa. Kumbe ile simenti nyekundu walikuwa wameisugua na cire, mafuta ya kung'arisha, asubuhi ileile, na kila unyayo wangu wa maji ulibaki umechorwa pale. Maman wa Bahati akatoka jikoni, akasimama.

"Nani amepita hapa? Hii si muguu, hii iko pasi ya nguo!"

Na mi, badala ya kunyamaza: "Pengine iko tonton, maman."

Tonton ni ndugu ya baba yangu, alikuwa amenisindikiza, muzee wa heshima. "Mi?" Akavua soksi, akalowanisha muguu, akakanyaga: alama nyembamba, nzuri. Bahati akakanyaga, dada zake wawili bakakanyaga na kucheka, salon ikajaa nyayo, nikabaki mi peke yangu (na nilikuwa nimeficha miguu chini ya kiti!). Nikakanyaga. Pasi kabisa.

Nikalia. Nikasema niliogopa mutasema: "Bahati anatuletea mugonjwa." Maman akaniuliza tu:

"Inakuuma?"

"Sana, maman."

Akaniletea beseni ya maji moto na sandale zake pana. "Mi sina neno na muguu," akasema. "Omba tonton pardon."

Nikamuomba mbele ya bote, akanisamehe akiwa anatafuna chakula baliisha kutuletea. Ku ndoa nilivaa viatu vya chini na semeli zangu ndani, nikacheza mpaka orchestre ikachoka. Kisigino niliisha kuacha, na muguu yangu sitamubebesha tena mutu mwingine.