Kiti Kilichopita Karakana Tatu

Usiku ule nililala na hotuba yangu kifuani, maana asubuhi nilitakiwa kusimama mbele ya jopo kuwania uprofesa. Utafiti wangu wote wa uchumi ulikuwa umeishia kwenye hitimisho moja: maseremala wadogo hawabuni jambo jipya, ndiyo maana uzalishaji wao haupandi. Nililipamba vizuri, ila moyo ulikuwa unakataa.

Mara niko jukwaani, na mstari wa mbele amekaa marehemu Profesa Mwakasita, aliyenifundisha uchumi tangu shahada ya kwanza, tukamzika masika yaliyopita. Sweta lile lile la kijani, chaki mikononi. Furaha ilinipanda hadi machozi yakanilengalenga.

"Shikamoo, Profesa."

Haitikii. Ananyanyua kiti alichokalia, anakigeuza miguu juu.

"Neema, hiki kimetengenezwa karakana gani?"

Nainama kukitazama, ukumbi haupo tena. Tuko mtaa wa maseremala, jua la mchana, randa zinalia kila upande. Hapa wanachonga miguu tu. Miguu inapitishwa dirishani kwa jirani, yeye anaunga, kisha anampa wa tatu mwenye sponji na vitambaa. Zamani kila fundi alijifungia na kiti chake tangu ubao hadi vanishi. Sasa kila mmoja ameshika anachokiweza zaidi, na viti vinatoka kama maandazi. Jamani, ubunifu si ndio huu? Na mimi nilipita na dodoso langu mlango kwa mlango, nikimuuliza kila mtu amenunua mashine gani mpya. Wakasema hakuna, nami nikaandika hakuna.

Nacheka peke yangu kama mwehu, nakimbia nyuma ya kiti kinachopitishwa dirisha hadi dirisha, Profesa yuko mbele na wala hahemi.

"Mbona hukuniambia ulipokuwa hai?" namlalamikia.

"Ungeniamini bila kwenda kuona."

Anafika kwenye kona, anageuka.

"Acha kuhesabu milango. Fuata kiti." Kisha, kama aliyekumbuka kitu, "Marahaba, mwanangu."

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Nilikwenda mbio sebuleni nikapindua kiti cha mezani, tulichonunua mtaa ule ule kwa fundi mmoja. Chini yake kulikuwa na alama za penseli za miandiko miwili tofauti. Miaka yote nimekikalia.

"Mama Tumaini, kwema?" mume wangu aliuliza kutoka mlangoni.

"Kwema sana. Nisaidie kuvigeuza na hivi vingine."

Kisha nikampigia mwenyekiti wa jopo, nikamwomba aniondoe kwenye orodha ya siku ile. Akanikumbusha kwamba nafasi kama ile huenda isirudi, halafu akauliza kwa upole kama naumwa. Nikamwambia sijawahi kuwa mzima namna hii, nikaenda kutafuta viatu vya kutembelea.