Mashini Iliyozimika Mara Tatu Njiani Kwenda Homa Bay

Shule nilikaa miaka miwili na nusu tu. Nasema wazi, kwa sababu wako wasomi hapa Sindo wanaoona aibu kuniletea mashini zao, halafu wakishazunguka kote wananiletea. Mashini ya mashua naijua kwa sikio. Ikipita mbali ziwani nakuambia inaumwa wapi. Lakini iko siku moja, miaka michache baada ya Uhuru, sikio hili lilinidanganya, na karibu mtu anifie mbele ya macho.

Tajiri aliyeniajiri niendeshe mashua yake alikuwa na ngiri ya kinena ya siku nyingi. Ikitokeza, alikuwa akiirudisha ndani kwa kiganja huku akicheka. Asubuhi hiyo haikurudi. Ilivimba, ikawa ngumu kama ngumi, na yeye akaanza kutapika. Dresa wa zahanati aliigusa mara moja tu.

"Homa Bay," akasema. "Akatwe leo leo. Utumbo ukioza humo ndani, basi."

Barabara ya Lambwe ilikuwa imekatika kwa mvua na hakuna gari lililopita. Likabaki ziwa, nikabaki mimi.

Tuliondoka wanne. Tajiri alilazwa juu ya nyavu, mke wake akampakata kichwa. Katikati alikaa fundi wa kuziba mashua, amekuja na kopo la kuchotea maji. Kutwa nzima ya jana yake alikuwa ameshindilia pamba na lami katika kila ufa wa ile mashua, na kweli hakukuwa na tone la kuchota. Mimi nilikuwa nyuma, mkono kwenye usukani wa mashini.

Tulipita mlango wa maji wa Mbita vizuri. Kisiwa cha Rusinga kikiwa nyuma yetu, sauti ya mashini ikaanza kushuka kama ya mtu anayesinzia katikati ya sala. Ikazimika.

Sikushtuka. Nilifungua kifuniko cha tangi, nikatazama petroli, tele, nikafunga. Nikatoa plagi, nyeusi kwa oili, nikaisugua kwa msasa, nikairudisha. Nikavuta kamba mara mbili. Ikawaka.

"Plagi tu, mama," nikamwambia yule mke. "Kwangu hiyo si ugonjwa."

"Endesha," akasema.

Hatukumaliza muda wa kuvuta sigara mbili, ikazimika tena. Tangi, nikatazama. Plagi, nikasugua. Ikawaka. Tajiri akafumbua jicho moja.

"Omera, ndugu yangu," akaniambia kwa sauti ndogo, "hiyo plagi utaisugua mpaka iwe sindano?"

Tukacheka wote isipokuwa mke wake.

Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Upepo wa mchana ulikuwa umeamka na unatusukuma kwa ubavu kuelekea mawe ya ufukoni. Mgonjwa alitapika kitu cha kijani, halafu cha rangi ya matope. Nilikuwa na haraka. Petroli ninajua iko, ya nini kuitazama tena? Nikatoa plagi mpya niliyoitunza mfukoni ndani ya karatasi yake, nikaifunga, nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka. Ilikohoa mara moja, ikakataa.

"Wewe si ulisema unajua hii kitu kuliko Mzungu aliyeiunda?" fundi wa kuziba akauliza.

"Nyamaza, upige kasia."

"Kasia itatufikisha kesho."

Mke alikuwa ameacha kunihimiza. Alimpangusa mumewe mdomo na kanga, akanitazama tu. Afadhali angenitukana.

Nikaachia kamba. Nikakaa. Hapo ndipo wasomi wengi wanashindwa, hawajui kukaa. Nikajiuliza: mara mbili iliwaka, sasa imekataa. Zile mara mbili nilifanya nini ambacho sasa sijafanya? Plagi nimeishughulikia zote tatu. Nikashika mpira unaoleta petroli kutoka tangini, ule wenye kibofu cha kukamua katikati. Kibofu kilikuwa kimenywea, bapa kama titi la mbuzi mzee. Nilikikamua, hakikuinuka.

Kabla ya mashini nilikuwa nauza mafuta ya taa sokoni kwa kipimo. Muuza mafuta hatoboi debe tundu moja. Ukitoboa moja, mafuta yanagugumia, yanakwama. Unatoboa mawili, moja la mafuta kutoka na moja la hewa kuingia. Nikaruka kwenye tangi nikazungusha kifuniko. Likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyekuwa anazama. Nikakigeuza kile kifuniko. Pale juu kuna katundu kadogo ka hewa. Kalikuwa kamejaa pamba na lami, kazi safi kabisa.

"Nani ameziba hapa?"

"Mimi," fundi akasema. "Niliona tundu."

"Tundu la nini?"

"Kwani mimi naulizanga tundu ni la nini? Tundu kwa mashua ni kifo!"

Mke hakusubiri tumalize. Alichomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa, akanitupia. Nikachokoa lami mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Nikakamua kibofu, kikajaa. Mawe yalikuwa karibu, naona mimea iliyoshika juu yake. Nikavuta kamba, ikaguna. Nikavuta tena, ikanguruma, nikaigeuza mashua kuelekea kwenye maji ya kina.

Mpaka kilima cha Asego, kile cha Homa Bay, kinakua mbele yetu, mkono wangu haukutoka kwenye usukani. Nilisikiliza ile sauti kama mama anavyosikiliza mtoto mwenye homa. Gatini watu walimbeba tajiri kwa makasia na nyavu, wakapanda naye hospitali, mke wake nyuma akikimbia bila viatu.

Mimi na fundi tulibaki tumekaa juu ya mawe. Hakula na mimi sikula. Tangu nilipochokoa ile lami nilikuwa nimemwandalia matusi ya Kiluo na ya Kiswahili, yamepangana mdomoni. Lakini pia nilijua, na sikuwa nimemwambia mtu, kwamba kukagua tangi kabla ya safari ilikuwa kazi yangu.

Jua lilikuwa limeinama mke aliporudi. Alisimama juu yetu akihema.

"Wamemkata," akasema. "Wameurudisha utumbo ndani. Haukuwa umeoza."

Fundi wa kuziba akajifunika uso kwa mikono yake yenye lami, mabega yakamtikisika. Yale matusi sikuyaona tena. Nikamwambia anyanyuke atutafutie chai, na yangu aitie sukari nyingi.