Pikipiki Mpya Iliyonizungusha Mbele ya Wazee wa Kisanga

Jamani, niacheni nimalize chai kwanza, maana habari hii kila nikiisimulia nachoka upya, na aibu yake, pamoja na uzee wangu huu, bado inanipanda usoni kama ya jana.

Nilikuwa Bibi Maendeleo wilayani Kilosa, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kazi yangu kuzunguka na kukutana na akina mama, na mimi mwenyewe ni mfupi (chekeni tu, najijua). Ofisi ilikuwa na pikipiki, aina ya zile za mashindano ya porini, toleo la mwaka uliotangulia, shokomzoba zake fupi na ngumu kama gogo, kila shimo la njia ya Mikumi nalipokea kiunoni, nikirudi nyumbani nalala kifudifudi. Basi ikaja nyingine, jina lilelile, rangi ileile, ila toleo jipya: shokomzoba wamezirefusha, mbele na nyuma, na springi wamezilainisha. Nikaikalia pale uani, ikanibembeza, nikasema moyoni, Mungu amekiona kiuno changu.

Tatizo, miguu haikufika chini. Mtu mzito akiikalia inashuka, mimi nilikuwa mwepesi, ikabaki juu vilevile. Mwenzangu wa ofisini, Bwana Mhina, mtu mrefu, akaniambia kwa upole, "Dada, hii niachie mimi, wewe baki na ile ya zamani."

"Kaka, nimechoka," nikamjibu. "Hata wewe ungekuwa umechoka."

Hapo ndipo nilipojimaliza.

Nikajitungia ujanja: naondokea kwenye ngazi ya ofisi, na nikifika niendako nasimama kando ya kitu cha kukanyaga, jiwe, kichuguu, chochote. Safari ya kwanza ikawa Kisanga, kuwaomba wazee kiwanja cha chekechea, kwa sababu mtoto wa Mama Zena alitumbukia mferejini akanusurika kufa, akina mama wote wakiwa shamba la kijiji, hakuna wa kuwaangalia wadogo. Jambo zito, sikwenda kucheza. Nilipanga kusimama kwenye ngazi ya shule. Kufika, ngazi yote imejaa wazee, wamekimbia jua.

Sasa nisimame wapi? Nikapita mbele yao napaza sauti, "Shikamooni wazee!" na walipokuwa wanaitikia marahaba mimi nilikuwa nimeshafika nyuma ya duka la ushirika. Nikageuza. "Shikamooni tena!" Mzee Kibwana, mwenyekiti wa kijiji, akasimama.

"Bibi Maendeleo, shuka usalimie watu!"

"Siwezi, mzee!"

"Huwezi au hutaki?"

(Swali hilo lilinikuta nyuma ya duka tena.) Na mnajua wenyewe, kumsalimia mzee huku unampita juu ya chombo ni kukosa adabu, sembuse kumpita mara ya tatu, vumbi limewatua kwenye kofia, na akina mama, waliodhani ni maonyesho ya serikali, wakaanza vigelegele na kunikimbilia, wakaziba hata ile nafasi ndogo iliyobaki.

Mikono ikaishiwa nguvu. Nikaona heri nianguke yaishe, nikafunga breki karibu na jiko walilopikia chakula cha mkutano. Pikipiki ikasimama vizuri kabisa, ikainama mbele, ikainuka, nikaitafuta ardhi kwa kidole cha mguu, sikuipata, tukalala upande wa kushoto, polepole, kila mtu anatazama, juu ya sufuria la maharage ya kijiji kizima (yalikuwa yameepuliwa zamani, nashukuru Mungu).

Kikalipuka kicheko, kile cha watu kushikana mabega. Mama Zena akanivuta nikasimama, akanipangusa kwa kanga yake, akaninong'oneza, "Sema sasa hivi, dada. Ukienda kunawa hutarudi."

Nikasema. Maharage kichwani, kiatu kimoja hakionekani kilipo, nikawaeleza habari ya mtoto yule na mfereji. Wengine waliacha kucheka, wengine hawakuacha. Mzee Kibwana akakung'uta vumbi kwenye kofia yake, akasema, "Kiwanja tutatoa. Lakini leo watu watalala njaa kwa ajili yako, kwa hiyo siku ya kufungua chekechea utapika wewe. Na uje kwa miguu."

Bwana Mhina aliichukua ile pikipiki, akaipangusa maharage kwa upole uleule, na upole huo uliniuma kuliko vicheko vyote vya Kisanga. Siku ya kufungua nilipika tangu alfajiri, moshi unanila macho, watoto wamenizunguka wanauliza chakula kitaiva lini, nami nikaapa palepale, mwiko mkononi, kwamba chombo nisichoweza kushuka mwenyewe sikipandi tena, hata kiwe laini kama godoro, hata niwe nimechoka vipi. Na kuchoka, ndugu zangu, nimechoka mara nyingi tangu siku ile.