Nyayo za Mara ya Pili

Asubuhi pale Ngulyati huanza kwa fagio. Ng'ombe hawajafunguliwa zizini, moshi wa kwanza haujatoka jikoni, na tayari wanawake wameinama mbele ya nyumba zao, sauti ya fagio ikipokezana kutoka mji huu hadi mji ule. Inafika kwa Milembe, inakatika. Muuza maziwa anayepita na baiskeli yake hulisikia pengo hilo kila siku, kama ubeti ambao kwaya imeamua kuuruka.

Si kwamba Milembe hafagii kabisa. Nyuma ya nyumba, jikoni, kuzunguka kihenge cha mtama, hata njia ya kwenda zizini, pote ni pasafi. Lakini uwanja wa mbele, kutoka mlangoni mpaka barabarani, majani ya mwarobaini yamelalia majani ya mwarobaini, na mavi ya mbuzi yanakaukia hapohapo yalipodondoka. Wageni hudhani ni uzee. Kwandu, jirani yake ambaye mdomo wake hauna breki, humwambia usoni.

"Mayu, unafuga nyoka hapo mbele? Lete ufagio nikusaidie."

"Uguse uone."

"Siku akikuuma usiniite."

"Nitamwita mumeo. Yeye ana huruma."

Kwandu hucheka, akajitwisha ndoo yake na kuondoka. Hasemi zaidi, kwa kuwa yeye anajua.

Milembe alipoolewa hapo akitokea Mwamapalala, mama mkwe wake alimfundisha mengi ambayo ameshayasahau, na moja ambalo hakulisahau. Mtu wa nyumbani akisafiri, uwanja haufagiliwi nyuma yake. Nyayo zake zinaachwa zilivyo mpaka ije habari kwamba amefika. Ukizifagia akiwa bado njiani, umemwambia asirudi, na njia imesikia. Milembe alikuwa binti wa kanisani, aliimba sauti ya pili, na hakupenda kuitwa mshirikina. Hata hivyo alilishika neno hilo kama alivyoshika kutomlaza mgeni na njaa, bila kuuliza sababu.

Akalipitisha kwa mwanawe. Deogratias alikuwa mdogo, bado anavaa kaptula iliyopasuka nyuma, alipochukua ufagio siku moja kumsaidia mama yake, baiskeli ya mjomba wake ikiwa haijapotea kwenye kona. Milembe aliruka kutoka jikoni, akamnyang'anya ufagio na kumzaba kibao.

"Unamfukuza mjomba wako?"

Mtoto alilia, na si kwa sababu ya kibao. Kwa miezi iliyofuata kila baiskeli iliyosikika alikimbilia barabarani kuangalia. Mjomba aliporudi, Deo alimshika mguu akakataa kumwachia, na watu wazima wakacheka bila kujua wanacheka nini. Milembe peke yake alijua.

Deo alikua, akajifunza upishi, akapata kazi katika hoteli ya watalii kule Karatu. Likizo yake iliangukia majira ya masika, wageni wanapopungua, kwa hiyo Pasaka alikuwa nyumbani kila mwaka. Alikuja na mchele mzuri, akaziba paa, akapalilia pamba na mama yake. Siku ya Pasaka aliingia jikoni kama mwanamke, akapika vitu vyake vya wazungu. Mwaka mmoja alikaanga chapati nyembamba za mayai zenye asali, baba yake, mzee Ndalahwa, akainua moja juani na kuichungulia.

"Hii ni chakula au ni karatasi ya kura?"

"Kula, baba."

"Nitakula. Ila na ugali uje."

Mwaka ule ugonjwa ulipoingia nchini, watalii waliacha kuja, na hoteli ikawaruhusu wapishi mapema. Deo alipiga simu akiwa na furaha ambayo Milembe hakuitegemea. "Mama, mwaka huu sina haraka. Nakaa mpaka tuchume pamba." Milembe alimtengea jogoo mwekundu wa Pasaka, akakung'uta godoro, akachagua karanga zilizo nene akaziweka pembeni. Tangu kijana aanze kazi, hakuwahi kupewa muda mrefu namna hiyo.

Alifika mchana akiwa nyuma ya pikipiki kutoka Bariadi, kitambaa usoni. Milembe alitoka na mikono yake miwili mbele, Deo akarudi nyuma hatua moja.

"Mwadila, mayu," alimsalimia mama yake kwa Kisukuma. "Tusishikane kwanza. Nimepita kwenye mabasi mengi."

"Mwadila, ng'wanone," Milembe alimjibu mwanawe, na mikono yake, ikiwa haina pa kwenda, akaifuta kwenye kanga.

Deo mwenyewe ndiye aliyeomba kulala kwenye banda la majembe. Mchana alikaa kwenye kigoda uwanjani, mbali na baba yake, wakiongea kwa sauti kubwa kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Ndalahwa alikuwa na pumu tangu ujana. Kila masika kifua kilimbana, na kila masika kilimwachia. Milembe alilijua hilo. Lakini mwaka ule kikohozi kilikuwa na jina jingine redioni, na mzee alipoanza kukohoa Deo akiwa na siku chache tu tangu afike, Milembe alilala macho wazi akihesabu pumzi za mumewe.

Asubuhi Marcelo, mwenyekiti wa kitongoji, alisimama barabarani bila kuingia.

"Milembe! Huyo mgeni wa wazungu anakaa mpaka lini?"

"Si mgeni, ni mwanangu."

"Najua ni mwanao, nilishiba ubwabwa wa ubatizo wake. Lakini watu wanasema, na mzee kifua chake unakijua. Mimi sijaagizwa na mtu, nakwambia kama shemeji yako."

Hakuagizwa kweli. Hakukuwa na amri, hakukuwa na polisi. Baadaye, kila Milembe alipotafuta mtu wa kumtupia jambo lile, alirudi hapo na kukuta yupo peke yake. Alimfuata Deo alipokuwa akinoa jembe.

"Deo. Baba yako anakohoa."

"Namsikia."

"Ungerudi tu, mwanangu. Likizo utaimalizia ugonjwa ukipita."

Deo aliendelea kunoa kidogo. Kisha akatabasamu. "Unanifukuza, mama?"

"Nikufukuze wewe? Nakuomba."

"Haya. Jogoo wangu msimle na roho mbaya."

Aliondoka kesho yake. Mvua ilikuwa imenyesha, ardhi laini, kila unyayo ulijichora na kisigino chake. Aliagana na baba yake kupitia dirishani. Milembe alikuwa amefunga karanga na michembe, vile viazi vilivyokaushwa, kwenye mfuko. Miaka yote alimkabidhi mkononi akiwa ameshakaa kwenye pikipiki, na Deo alishukuru, "wabeja, mayu," kama mtoto. Safari hii aliuweka juu ya kigoda, akarudi mlangoni, ili Deo auchukue mwenyewe. Deo alipunga mkono, akatembea mpaka barabarani, akapanda pikipiki iliyokuwa ikimngoja. Wote wawili wakausahau mfuko, kwa kuwa hawakuwa wamezoea kuagana hivyo.

Ndalahwa akaita kutoka ndani. "Milembe, nitoe nje. Humu moshi unanimaliza."

Pa kukaa palikuwa mahali pamoja tu, kwenye kigoda kile, uwanjani pale. Na gari la matangazo lilikuwa limepita jana yake likisema osheni, fagieni, safisheni alipokaa mgeni. Milembe alichukua beseni la maji ya sabuni, akaushusha mfuko chini bila hata kuutazama, akaosha kigoda. Akamwaga maji pale Deo alipokuwa akikaa. Kisha akachukua ufagio. Alifagia kuanzia kwenye kigoda kuelekea barabarani, haraka haraka, mgongo umeinama, na ndani kikohozi kikimhimiza. Hakusikia pikipiki ikirudi.

Alipoinua macho Deo alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja. Alitazama ufagio. Alitazama ardhi, ambayo sasa ilikuwa na mistari mizuri ya ufagio kuanzia mlangoni mpaka karibu na viatu vyake.

"Nimesahau mfuko," alisema.

Alivuka uwanja, akauokota, akageuka. Nyayo zake zilibaki kwenye ile mistari, za kwenda na za kurudi, peke yake, wazi kuliko zile za kwanza. Milembe alitaka kusema ni kwa ajili ya baba yako, ni redio, ni sabuni.

"Endelea tu, mama," Deo alisema kwa upole, na pikipiki ikaondoka.

Mpaka hapo jambo lingeweza kuwa bahati mbaya. Angeutupa ufagio chini, angekimbia hata na kanga ikimdondoka, dereva angesimama. Lakini Ndalahwa alikohoa tena, akaita tena, na Milembe, akiwa hajui mikono yake aifanyie nini, aliinama akazifagia na nyayo za mara ya pili. Kwandu alikuwa anapita na ndoo yake. Aliona, akatazama pembeni.

Deo hakuwa mgonjwa. Pumu ilimwachia Ndalahwa mvua zilipokatika, kama miaka yote. Jogoo mwekundu alizeekea hapo nyumbani, hakuna aliyekuwa na hamu naye. Pamba ilipofika kwenye mizani, watu walikuwa wameshaanza kushikana mikono tena, na Marcelo alipeana mkono na kila mtu akicheka kuliko wote. Jioni ya safari ile Deo alikuwa ametuma ujumbe wa neno moja: Nimefika. Pasaka iliyofuata alisema hoteli imefunguliwa, kazi ni nyingi. Iliyofuata alisema mke wake, aliyempata hukohuko Karatu, ana mimba. Sababu zote zilikuwa za kweli, na hilo ndilo lililomchosha Milembe; hapakuwa na uongo wa kuushika.

Alikuja baba yake alipofariki. Alishika mkono wa mama yake kwa mikono miwili mbele ya watu wote, akabeba jeneza, akatupa udongo. Kulala alilala gesti Bariadi, nyumba imejaa, alisema. Asubuhi ya kuondoka Milembe alimvuta pembeni ya kihenge.

"Deo, siku ile. Ule ufagio..."

"Ufagio gani, mama?"

Alijibu upesi mno. Mtu aliyesahau hujibu taratibu, akitafuta. Milembe alimtazama usoni, akaona kaptula iliyopasuka nyuma, akaona mtoto anayekimbilia kila baiskeli. Akasema, "Hamna. Safiri salama." Akamkabidhi karanga mkononi.

Matanga yalipoanuliwa wanawake walikuja na fagio zao kusafisha uwanja wa msiba. Milembe alisimama mlangoni akawazuia. Walidhani ni uchungu wa mjane, wakamwacha. Deo alipotuma habari kwamba amefika Karatu, Milembe bado hakufagia. Mvua zimenyesha mara kadhaa tangu siku hiyo, na hakuna unyayo wowote uliobaki pale, yeye mwenyewe anajua.

Deogratias yuko Karatu, anapika kwenye hoteli ileile. Ana binti anayeanza kutembea, ambaye Milembe amemwona kwenye simu ya Kwandu tu; unyayo wake bado haujagusa uwanja ule.