Tulipolishusha Gurudumu Majini

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu alinipa kopo la grisi akanipeleka tezi, yaani nyuma ya chombo, kwenye gurudumu la kukisukuma. Lilikuwa refu kuliko mlango wa nyumba, limezungukwa na mbao za mvule tulizoziita makafi.

"Kafi lizame kiganja kimoja," alisema. "Likizidi, injini inalemewa. Likipungua, unachapa povu tu."

Enzi hizo tulishusha marobota ya katani kwa Mto Pangani, na uzito wake ulilizamisha gurudumu bila sisi kuhangaika.

Katani ilipodorora, chombo kiliuzwa kwa watu wa utalii. Fundi Mkuu alikwisha kustaafu, nami nilishika nafasi yake. Meneja mpya akaweka viti, turubai na rangi nyeupe. Nilimwomba farumi, mawe ya kutia tumboni mwa chombo ili kizame na gurudumu lishike maji. Akacheka.

"Watu hawalipi nauli kupanda machimbo, Fundi. Na safari ya kwanza ikishindikana, nakiuza chuma chakavu."

Nilichukia, nikanyamaza.

Abiria wa kwanza walikuwa watu wa harusi kutoka Ngamiani. Tuliondoka Pangani mjini kupanda mto, maji yakipwa kwa kasi. Wageni wote wakajazana omo, mbele, kupiga picha. Tezi ikainuka. Gurudumu lilizunguka kwa mbwembwe huku makafi yakigusa maji juu juu, na chombo kikaanza kurudi nyuma kuelekea mlango wa mto, kwenye mawimbi.

Meneja akanijia akitweta. "Tufanyeje?"

Nilikwenda kwa somo wa bibi harusi, mama mtu mzima.

"Shikamoo, mama. Naomba ngoma ihamie nyuma, na watu wote."

"Marahaba. Kwani kuna nini, baba?"

"Nyuma kwepesi. Mkibaki huku, tunakwenda baharini."

Akawageukia wenzake. "Haya wanawake, nyuma! Wenye miili watangulie, leo ndiyo siku yenu!"

Wakaenda wakicheka. Tezi ikashuka, makafi yakashika maji, chombo kikasimama, kisha kikaanza kupanda mto.

Kesho yake Meneja alikunja suruali akabeba mawe pamoja nasi. Chombo hakikuuzwa, na nilikiendesha hadi nilipostaafu.

Nilikuwa fundi hodari, sioni haya kulisema. Lakini nilijua hatari ile, nikaisema mara moja tu, nikachekwa, nikasusa. Kisha nikawapakia watu wa harusi, na watoto wao.