Bati Jipya, Netiweki Nje

Nyumba yetu ya Mkolani ilipoezekwa, nilikuwa nikienda dukani nageuka nyuma kila hatua tatu kuitazama. Bati la msauzi, jekundu, linang'aa mpaka macho yanauma. Mume wangu hakuishia hapo. Chini ya bati akatandika karatasi ya rangi ya fedha, ile ya kuzuia joto, halafu ndiyo dari. Fundi aliyetoka Nyakato alituapia kwamba ndani tutapunga upepo kama tuko ufukweni, na kweli palikuwa na ubaridi mzuri. Tulichosahau kumwuliza ni kama netiweki nayo itaingia.

Haikuingia. Kisanduku cha waifai tulikipa heshima zote: kilikaa juu ya kabati la vyombo vya wageni, kimetandikiwa kitambaa cha kufuma. Taa zake ziliwaka vizuri tu. Ukifungua simu, kiduara kinazunguka, kinazunguka, mpaka chai inapoa. Mimi hasira zangu ziko karibu, na nilizimalizia kwa binti wa huduma kwa wateja, ambaye kila siku alinishauri nizime halafu niwashe. "Dada," nilimwambia, "nimezima na kuwasha mpaka kidole kimeota sugu!"

Hayo ningeyavumilia. Lakini baba mkwe alikuwa amekuja kukaa kwetu kutoka Misungwi kwa ajili ya macho. Presha ya macho ilikuwa imemla polepole, na daktari alituambia wazi kwamba uoni uliobaki hautakaa sana. Wiki hizohizo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu aliyeko Ulaya, akapata mtoto wa kwanza, wa kike. Katika ukoo wao mtoto hapewi jina mpaka babu amtazame usoni, aone amefanana na nani. Shemeji alituma picha. Mzee akaisogeza mpaka puani, akaturudishia simu.

"Huyu katulia mno," alisema. "Mtoto nitamjua akikunja uso."

Alitaka kumwona mubashara, yeye mwenyewe, kabla macho hayajafunga. Basi mtoto wa watu akakaa hana jina, anatusubiri sisi na bati letu.

Shemeji alikuwa na nafasi Jumapili tu, saa saba mchana, akitoka zamu. Jumapili ya kwanza tulikaa sebuleni, mzee kavaa koti lake la kanisani. Simu ikalia, sura ya shemeji ikatokea mdomo wazi, ikaganda hivyohivyo. Jumapili ya pili tukamtoa mzee nje. Netiweki ikajaa tele, ila lile jua linavyopiga kwenye mawe makubwa ya uani kwetu, mzee hakuona kitu; machozi yalimtiririka tu. Tukamfunika kanga, tukaleta mwavuli, jirani akatuuliza kama tunampiga nyungu, tunamfukiza mvuke wa dawa. Miti ya kivuli? Tulishaikata yote, eti majani yasizibe mifereji ya bati. Akili zetu hizo!

Nikamleta fundi wa mtandao kutoka mjini. Hakufungua hata begi. Alitazama paa, akauliza chini yake tumeweka nini, akatazama mnara wa simu ulioko kilimani, akacheka.

"Mama, bati juu, karatasi ya fedha chini yake. Mmejiweka kwenye sufuria na kifuniko mmefunika. Mawimbi yanagonga hapo yanarudi yalikotoka."

Akazunguka uani na simu yake mkononi mpaka akaingia kwenye jiko langu la nje, kibanda cha udongo kilichoezekwa nyasi. "Hapa je?" akaita kutoka ndani. "Nyasi hazizuii kitu. Na kivuli kipo."

Mimi na mume wangu tukatazamana. Kwao baba mkwe hakanyagi jiko la mkamwana wake. Ni mwiko. Hatupeani mikono, hatuli pamoja. Namsalimu nimepiga magoti kwa mbali, shikamoo, marahaba, basi. Jikoni kwangu ni sawa na chumbani kwangu. Mume wangu akasema labda tung'oe mabati mawili ya sebuleni.

"Thubutu!" nikamwambia. Lilinitoka kabla sijafikiri, na palepale nikaona aibu. Mzee anapoteza macho, mimi nalinda bati. Nikamwambia ayang'oe, Jumatatu amwite fundi wa paa.

Jumapili ya tatu ikafika kabla ya Jumatatu hiyo. Nilikuwa jikoni nageuza samaki, sato, kwenye kikaango, nikasikia fimbo inagonga mlangoni.

"Hodi, mwanangu."

Niliruka. Nikataka kukimbia, na mlango ni mmoja, yeye kauziba.

"Usitoke," alisema mzee. "Maneno ya yule fundi niliyasikia." Akavuka kizingiti. "Wazee waliouweka mwiko huu nitakwenda kuwaeleza mwenyewe. Siko mbali nao."

Nikafuta kigoda kwa kanga yangu, akakaa kati ya mafiga na debe la mkaa. Mume wangu akaleta simu. Haikuganda hata mara moja. Mtoto alikuwa amelala. Mara akapiga chafya, akakunja uso, akaanza kulia kwa hasira zake zote. Mzee akaisogeza simu mpaka ikagusa pua.

"Ee! Mama yangu huyu! Tazama anavyogomba. Mama yangu mtupu!"

Akamwita kwa jina la mama yake, mara mbili, na kule Ulaya shemeji akajifuta macho kwa mkono wa shati. Mimi nilisingizia moshi.

Simu ilipokatika nilidhani mzee atanyanyuka. Akabaki, kaegemea fimbo, akageukia pembe niliyojibana. Miaka kumi na moja ya ndoa yangu hajawahi kuniinulia macho, wala mimi sijamtazama usoni. Ndivyo heshima yao ilivyo.

"Sogea hapa karibu," alisema.

Nikasogea, nikapiga magoti. Akanitazama taratibu, paji la uso, macho, mashavu, kidevu, bila haraka yoyote. Sikujua nifanye nini na uso wangu. Nikacheka kwa haya.

"Kumbe una mwanya," alisema. "Miaka yote hii nakula chakula chako, hakuna aliyeniambia."